Vichwa vya habari na neno «lakini»: kusoma tena gazeti la 1872

Watu wakiandika juu ya desturi, wanaandika juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto. Sisi tumechagua desturi moja ambayo hakuna mtu anayeihesabu kuwa desturi, kwa sababu tunaifanya kila siku bila kufikiri: namna ya kutoa habari. Na ili tuipime vizuri, tutaiweka kando ya kitu kingine ambacho kazi yake ni kutoa habari, yaani gazeti.

Hatukutaka gazeti la jana. Gazeti la jana linaleta mabishano. Gazeti la zamani sana ni rafiki: wote waliotajwa ndani wamekwisha kufa, hakuna atakayetuita tribinali. Tena hapa Mpala gazeti ni mgeni wa nadra, na likifika mara nyingi limefika likiwa limefunga karanga. Mtu anakula karanga zake, kisha anasoma nusu ya hotuba ya waziri. Nusu ingine imekwenda na mteja mwingine. Kwa hiyo watu wa hapa wamezoea kusoma habari zilizopitwa na siku. Tofauti ni kwamba leo tunarudi nyuma zaidi kidogo.

Gazeti lenyewe ni New York Herald la Marekani, la siku moja ya mwanzo wa Julai 1872. Ndugu msomaji atauliza: kwa nini mbali hivyo? Kumbe si mbali. Jambo kubwa lililojaza kurasa siku ile lilitokea ng'ambo ya ziwa letu, kule Ujiji. Ni habari ya Henry Morton Stanley kumkuta Daktari David Livingstone. Watu wa Ulaya na Marekani wanaihesabu kati ya habari kubwa kabisa za karne ile. Sisi tuko na haki ya kuisoma kama majirani.

Namna ya kwetu

Kwanza tukumbushe desturi, maana vijana wetu wengine wanaifanya nusu-nusu.

Mgeni akishuka kwenye mtumbwi anapewa kiti, anapewa maji. Hakuna mtu mwenye adabu anayemuuliza jambo la maana kabla hajanywa. Kisha mwenyeji anaanza:

— Habari ya kule?

— Salama tu.

— Watu wote wako?

— Wote wako.

— Na watoto?

— Watoto wanacheza.

— Na ziwa?

— Ziwa limetulia. Lakini…

Hapo kila mtu anasogeza kiti. Yote yaliyotangulia yalikuwa mlango. Nyumba yenyewe iko nyuma ya «lakini». Labda mtumbwi umezama. Labda mzee fulani hakuamka. Shuleni tunawafundisha watoto kwamba «lakini» ni kiunganishi. Katika sarufi ni kweli. Barazani «lakini» ni mhariri mkuu.

Mtu wa haraka atasema: huu ni uongo, namna gani mtu anasema «salama» na nyumbani kuna maiti? Si uongo. Ni kumpa mtu nafasi ya kukaa chini. Mama anayesikia habari ya kifo akiwa amesimama na ndoo kichwani, ataanguka pamoja na ndoo. Tena baada ya «lakini» linakuja ulizo ambalo wazee hawakuliacha hata siku moja: «Wewe uliona kwa macho, ao uliambiwa?» Na kama aliambiwa: «Uliambiwa na nani?» Mjumbe asiyeweza kujibu hapo anapewa chakula kama wengine, ila maneno yake yanawekwa pembeni mpaka atakapofika mjumbe wa pili.

Basi tushike mambo matatu: kukaa kwanza, «lakini» mahali pake, na ulizo la macho. Sasa tufungue gazeti.

Ngazi za New York Herald

Magazeti ya Marekani ya wakati ule yalipanga vichwa vingi kimoja chini ya kingine, kama mtu anayeshuka mlima na kupiga kelele kila hatua. Hatua ya kwanza siku ile ilikuwa jina la daktari. Hatua zilizofuata zilitangaza kwamba mtembezi mkubwa amepatikana, na kwamba msafara wa Herald umefaulu. Tusimame hapo, maana katika maneno hayo machache kuna mambo ya kucheka na mambo ya kufikiri.

La kwanza: «amepatikana». Ili mtu apatikane lazima awe amepotea. Livingstone alikuwa amepotea kwa nani? Alikuwa Ujiji, mji wa soko, katika nyumba yenye baraza, na watu walipita mbele yake kila siku. Stanley mwenyewe anasimulia kwamba kabla ya kufika alikutana njiani na watu wa msafara, nao walimwambia kwamba mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe amefika Ujiji akitoka Manyema. Basi habari ilikuwa imekwisha tembea kwa miguu, tena bila gazeti. Shida ya Livingstone haikuwa kupotea. Alikuwa mgonjwa, na alikuwa hana kitu, maana mali aliyotumiwa kutoka pwani iliuzwa na yule aliyepewa kuilinda. Kama sisi tungekuwa wahariri, tungeandika: «Mzee aliyeishiwa vitambaa apata mgeni mwenye vitambaa vingi». Lakini gazeti la namna hiyo lingeuzwa kwa nani?

La pili: gazeti linajitaja lenyewe. Msafara ni «wa Herald», kufaulu ni kwa Herald. Na kweli mwenye gazeti, James Gordon Bennett mtoto, ndiye alilipa. Kwetu mjumbe anayeanza kwa kusifu mguu wake uliomleta, watu wanamwangalia tu. Mguu ni wa lazima, hatukatai. Habari si mguu.

La tatu: haraka. Msomaji wa New York alifikiri kwamba gazeti lilikimbia kumwokoa mzee. Sasa tuangalie njia. Stanley anaandika kwamba Bennett alimpa amri hiyo Paris mwezi wa Oktoba 1869. Ila kabla ya kumtafuta Livingstone alimwambia apite kwenye kufunguliwa kwa mfereji wa Suez, aende Yerusalemu, Konstantinopoli, Krimea, Uajemi na India. Alifika Zanzibar mwezi wa Januari 1871. Ni kama mtu wa Mpala ambaye mbuzi wake amepotelea Moba, naye anaanza kumtafuta Kisangani, kwa sababu kule kuna sikukuu.

La nne: maneno ya salamu. Dunia nzima inajua kwamba Stanley alivua kofia na kumuuliza mzee kama yeye ndiye Daktari Livingstone, kwa kudhani. Watu wamecheka salamu hiyo zaidi ya miaka 150, maana mzungu mwingine wa kudhania alikuwa wapi? Sisi tunacheka kwa sababu ingine. Soma kitabu cha Stanley mwenyewe, utaona kwamba mbele ya salamu hiyo Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwa amekwisha kumkimbilia njiani, akamsalimia kwa Kiingereza, akamwambia kwamba daktari yuko. Jibu lilikuja kabla ya ulizo! Aliyetoa habari ya siku ile ni Susi. Aliyeona kwa macho ni Susi. Kichwa cha habari kilibeba wengine.

La tano: tarehe. Stanley aliandika Novemba 10, 1871. Livingstone katika hesabu yake alikuwa na siku za mwisho wa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na kuchanganya siku, na wenye kuchunguza mambo hayo wanabishana mpaka leo. Kukutana kunakojulikana kuliko kote katika Afrika ya kati, na waliokutana hawakubaliani siku! Wazee wetu wasiojua kusoma wakisema «ilikuwa mwaka wa nzige», tunawacheka. Tuwacheke kidogo kidogo.

Mtu aliyejifunza kungoja

Pamoja na hayo, ndani ya habari hiyo kuna jambo moja ambalo tunalipenda sana, na hakuna kichwa kilicholitangaza.

Stanley alileta mfuko wa barua kutoka pwani. Livingstone alikuwa hajapata barua za kwake kwa muda mrefu sana. Wakaketi barazani. Mzee akaufungua mfuko, akaangalia barua moja mbili, kisha akauweka magotini. Stanley akamwambia asome kwanza. Mzee akakataa: barua amezingoja miaka, ameshajifunza uvumilivu, saa chache zaidi si kitu, mgeni amwambie kwanza habari za dunia. Stanley akaanza kumhesabia: mfereji wa Suez umefunguliwa, Marekani ina reli mpaka bahari ya Pasifiki, Grant amechaguliwa, Ufaransa na Prusia wamepigana.

Ndugu wasomaji, hiyo ni baraza ya kwetu kabisa. Kukaa kwanza. Mgeni kwanza. Yangu baadaye. Aliyekuja kufundisha wengine alikuwa amefundishwa, na walimu wake hawakuwa na diploma. Herald lilitangaza kwamba mzungu amemkuta mzungu. Sisi tungetangaza kwamba mmoja wao alikuwa amepata adabu ya Tanganyika.

Habari ambayo haikuandikwa

Tena kuna habari ya hapa kwetu. Februari 14, 1869, karibu miaka mitatu kabla ya Ujiji, Livingstone alifika ziwani pale mto Lufuko unapoingia. Katika maandiko yake ya safari aliandika jina la mahali hapo «Parra». Mwenye masikio atasikia Mpala ndani yake. Anasema kwamba Said bin Habib, mfanyabiashara wa Kiarabu, alikuwa na nyumba kubwa mbili ao tatu hapo. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alikuwa amebebwa njiani, na Mohamad Bogharib, Mwarabu pia, ndiye alimtunza. Akangoja mitumbwi hata Februari 26, na Machi 14 akafika Ujiji.

Basi wakati watu wa Ulaya walikuwa wanabishana kama yuko hai, yeye alikuwa anakohoa hapa, kwenye mchanga wa Lufuko. Kwa magazeti alikuwa amepotea. Kwa mama aliyekuwa anachota maji mtoni alikuwa tu mzee mgonjwa anayengoja mtumbwi.

Tena magazeti hayo yalikuwa yamekwisha kumuua mara moja. Mwaka 1866 Musa na wenzake, watu wa visiwa vya Komoro, walimwacha njiani. Walipofika pwani walisema kwamba Wamazitu wamemuua, kwa kuogopa kukosa mshahara wao. Mwaka 1867 habari hiyo ikaandikwa. Hapa hatuwezi kujifanya wasafi: Musa alikuwa mtu wa upande wetu wa bahari, na alidanganya vizuri sana. Dawa ilipatikana wapi? Safari ya Young ilipanda mpaka ziwa Nyasa mwaka uleule, ikauliza watu wa pale kijiji kwa kijiji, na watu wakasema: alipita hapa, alikuwa mzima. Ni lile ulizo la wazee: uliona, ao uliambiwa? Livingstone alikufa kweli Mei 1, 1873, kwa Chitambo, na walioleta habari hiyo, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliileta pamoja na mwili mpaka Bagamoyo. Hakuna mjumbe aliyewahi kutoa ushahidi mkubwa kuliko huo.

«Lakini» iliyowekwa mwishoni

Mtu asifikiri kwamba Herald halikujua neno «lakini». Lilijua, ila lilicheza nalo. Novemba 9, 1874, siku nane tu kabla Stanley hajatoka Bagamoyo kwa safari yake ya pili, ambayo Herald lililipia pamoja na gazeti moja la London, lilitoa habari ya kutisha: nyama wa bustani ya Central Park wamevunja vizimba, wanakula watu katika njia za New York, na kuna orodha ya waliokufa na walioumia. Vichwa vyake vilikuwa vya damu tupu. Watu wengine walijifungia nyumbani, wengine walitoka na bunduki. Na katika fungu la mwisho kabisa gazeti likasema kwamba yote hayo ni ya kubuni, hakuna neno moja la kweli. Lilitaka tu watu wafikirie usalama wa bustani.

Basi nani alifika fungu la mwisho? Mtu aliyeambiwa kwamba simba yuko mlangoni hamalizi ukurasa. Fikiria mgeni wa hapa anasimulia saa nzima namna mamba alivyokula watu kumi kwenye kivuko, akina mama wanalia, vijana wamekwisha chukua mikuki, halafu akinyanyuka kwenda kulala anasema: «Lakini nilikuwa nachezea tu, nilitaka mtengeneze kivuko.» Usiku huo hatalala katika kijiji hicho.

«Lakini» iko na mahali pake. Ikiwekwa mapema mno inamwangusha mtu. Ikiwekwa kisha bunduki zimekwisha toka, haisaidii.

Siku isiyokuwa na kichwa

Hapa kicheko chetu kinapungua. Siku ya Desemba 4, 1884, katika milima yetu hii, watu wa Émile Storms, mkuu wa kituo kilichoanzishwa Mpala mwaka 1883, walimuua mtemi Lusinga na kumkata kichwa. Mwezi ule magazeti ya Ulaya yalikuwa na vichwa vikubwa juu ya mkutano wa Berlin, ambao ulianza Novemba 15. Lusinga alikosa nafasi. Fuvu lake Storms alilibeba mpaka Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kilipewa Mapadri Weupe, na historia ya Mpala tuliyosoma shuleni ilianzia hapo.

Na sisi tuna «lakini» yetu. Lusinga hakuwa malaika. Alikamata watu na kuwauza, na wazee wengine wa vijiji vya jirani hawakumlilia. Tukimwimba tu bila kusema hilo, tutakuwa tumefanya kazi ya Herald. Lakini mtu aliyekosa bado ni mtu, na fuvu la mtu si kitu cha kuweka kwenye sanduku.

Habari hiyo iliwafikia wasomaji wengi wa Ubelgiji mwaka 2018, wakati mwandishi Michel Bouffioux alipoiandika katika Paris Match ya kule: fuvu la Lusinga lilikuwa bado limewekwa Brussels, katika taasisi ya sayansi ya asili, pamoja na mafuvu mengine mengi ya Waafrika. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa mahali iliposimama katika komini ya Ixelles. Livingstone kukutwa Ujiji kulichukua miezi kama nane kufika New York, wakati ule waya wa telegrafu haujafika Zanzibar. Kichwa cha Lusinga kilichukua zaidi ya miaka 130 kuwa kichwa cha habari.

Lakini milimani watu waliendelea kusimulia juu ya Lusinga, bila karatasi. Hapo ndipo tunaona faida ya desturi ya baraza. Inachelewa, inazunguka, inakunywa maji kwanza. Ila haimtupi mtu kwa sababu siku hiyo kuna mkutano mahali pengine.

Tufanye nini?

Kuna wenye kusema: hayo ni ya wazee, siku hizi telefoni inatosha. Tunakubali kwamba telefoni ina faida. Mtu wa Mpala anaweza kujua leo hii kama mgonjwa wake ameruhusiwa kutoka hospitali ya Kalemie. Lakini tuangalie habari inavyoingia katika telefoni: kichwa tupu, herufi kubwa, alama za kushangaa tatu, bila kiti, bila maji, bila jina la aliyeona. Ni Herald la 1872, na siku zingine ni la 1874. Na sisi wa Tanganyika tunajua bei yake. Katika miaka ya vita neno moja tu, «wanakuja», liliweza kulaza kijiji kizima porini pamoja na watoto wachanga. Siku zingine walikuja kweli. Siku zingine hakukuja mtu, na mtoto aliyepigwa na baridi usiku ule alikufa bila adui. Mtu anayesambaza kichwa bila kuuliza «uliona ao uliambiwa?» hachezi.

Baraza yetu pia ina kosa lake, tuliseme. Mara nyingine tunapenda sana «salama tu», hata «lakini» inasahauliwa. Mwalimu hajalipwa: salama tu. Kivuko kimeoza: salama tu. Mtoto wa kike ameachishwa masomo: salama tu, wote wako. Adabu iliyowekwa ili kumkalisha mtu chini isigeuke mkeka wa kufunikia mambo. Wazee walisema «salama» ili wapate nguvu ya kusema linalofuata. Anayesema «salama» na kunyamaza amefanya nusu ya desturi.

Tunawaomba walimu wenzetu jambo dogo lisilotaka feza. Siku moja katika juma, leteni darasani kipande chochote cha gazeti, hata kiwe cha mwaka juzi na chenye mafuta. Watoto wasome kichwa kwa sauti kubwa, kama wanavyopenda. Kisha watafute ndani mambo mawili: «lakini» iko wapi, na nani aliona kwa macho. Wakikuta vyote viwili, wasome mpaka mwisho. Na kama karatasi imepasuka palepale kwenye «lakini», waende kumuuliza muuza karanga nusu ingine alimfungia nani.